Mhitimu wa Picha Nyeusi

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi mwaka 2062, saa tatu na robo asubuhi, Nakijwa alihitimu, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda kombo.

Walimvalisha mkanda wa kijani mkononi. Wauguzi wakapiga makofi. Zefania Mrutu, mumewe kwa miaka thelathini na minne, alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia, naye akapiga makofi, maana hakuna mwanamume anayekunja mikono mkewe anaposhangiliwa. Makofi yale alikuja kuyajutia kuliko neno lolote alilowahi kutamka.

Kituo cha Ndorwe kilijengwa mgongoni mwa milima ya Upare kwa sababu, alivyokuja kusema Zefania baadaye, wakubwa walitaka mahali penye upepo wa kuzungusha mitambo yao na watu wasiouliza maswali. Siku ile hakusema hivyo. Siku ile alisema asante, akarudia tena asante, mpaka akajichukia.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Daktari Byabato, mkuu wa kituo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale. "Njoo uone mwenyewe. Sitaki uondoke umeambiwa tu."

Ukutani paliwaka picha mbili za kichwa cha Nakijwa, kimekatwa katikati kama papai. Ya kwanza ilikuwa ya Januari: upande wa kulia, nyuma kidogo ya sikio, kitu chekundu kama kaa la moto. Ya pili ilikuwa ya asubuhi ile. Pale pale penye kaa palikuwa peusi.

"Hii nyekundu ni damu inayopita," alieleza daktari. "Tunamchoma sindano ya maji yanayong'aa, yanapanda kichwani, na ile mashine ya sumaku inahesabu yameingia kwa kasi gani na yametoka kwa kasi gani. Uvimbe ni mlafi, mzee. Unajichimbia mishipa yake wenyewe. Dawa ya Zibo inaiziba ile mishipa. Sasa ona. Giza. Hauli tena."

Zefania aliitazama ile picha nyeusi. Shule aliishia darasa la nne, lakini kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msimamizi wa mfereji wa kijiji cha Mghimba, yeye ndiye aliyefungua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya usiku, alfajiri na kugawa zamu za maji, na hapakuwa na tone lililopotea kule juu bila yeye kujua limepotelea shambani kwa nani.

"Daktari, mimi ni mtu wa mfereji," alisema. "Nikiziba mfereji saa hizi, huko chini kunakauka, kweli. Lakini maji hayajafa. Kesho nayakuta yamepita chini ya nyasi, kimya kimya, yako kwa mtu ambaye hakuwa na zamu. Sasa huo uvimbe ukinyimwa damu hapo, hauhamii kwa jirani?"

Daktari alicheka, tena kwa adabu. Wauguzi nao wakacheka kwa kuwa yeye amecheka.

"Mzee Zefania, hili si shamba la tangawizi. Kiwango chetu ni theluthi. Damu ya uvimbe ikishuka chini ya theluthi, mtu amehitimu. Ndiyo kanuni."

"Na picha nyingine anapigwa lini?"

"Mhitimu hapigwi picha. Mashine ni moja na wanaoisubiri ni mia nne. Dawa italetwa nyumbani na kidege kisicho na rubani kila Ijumaa, na hali yake tutaifuatilia kwa Msikizi. Utatusimulia wewe mwenyewe, kila siku. Kuna anayemjua mama kuliko wewe?"

Hapo ndipo Zefania alipovimba kichwa. Mkubwa mzima na koti lake jeupe anamwambia yeye ndiye anayejua.

Mchana walikuwa nyumbani. Nakijwa alishika chupa ya chai akamimina. Chai ilienda mkekani, shubiri nzima kushoto kwa kikombe, akaendelea kumimina hivyo hivyo kwa utulivu mpaka ilipomuunguza mguu.

"Macho yamezoea taa za hospitali," alisema, akacheka.

Na Zefania akacheka naye.

*

Msikizi alikuwa kitu kidogo cheupe, saizi ya kipande cha sabuni, kimetundikwa msumarini karibu na kalenda. Kila siku saa moja na nusu asubuhi kiliwaka kijani na kutoa sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba. Habari za mama leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Ila jana alitapika mara mbili, na kichwa kinamgonga upande ule ule."

"Tunashukuru, baba. Tumepokea. Mshinde salama."

Tumepokea. Neno hilo lilimtuliza sana. Alijiwekea picha ya mtu mahali fulani ndani ya Ndorwe, ameinamia daftari, anaandika: katapika, mara mbili, upande ule ule.

"Unaongea na hako kasabuni kuliko unavyoongea na mimi," Nakijwa alimwambia siku moja.

"Kenyewe kananiamkia. Wewe uliniamkia mara ya mwisho lini?"

"Siku uliyokuja kuposa. Na nililazimishwa na shangazi."

Siku ya tisa alitoka nje amevaa ndala moja, ya kulia, na alipoambiwa akabisha kabisa kwamba amevaa zote mbili. Zefania alieleza. "Nzuri, mwanangu. Ila upande wa kushoto ni kama kausahau." Tumepokea. Siku ya kumi na nne kile kisabuni kilipiga muziki mfupi na kusema hongera, mama sasa amethibitishwa. Siku ya kumi na tisa alimwita binti yao Penda, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kumuuguza, kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa utotoni. "Nzuri. Ila amechanganya watu." Tumepokea. Zefania alikuwa hajui namna nyingine ya kujibu. Ukiulizwa habari unajibu nzuri, halafu ndipo unamwaga yaliyomo. Hata mtu ambaye nyumba yake inaungua hujibu nzuri kwanza, ndipo akaomba ndoo. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na mama yake naye vivyo hivyo.

Siku ya ishirini na sita alimwacha Nakijwa na Penda, akashuka mpaka Ndorwe kuomba picha. Hakupita hata getini. Mlinzi aliandika jina kwenye kibao chake, akakigeuza ili naye asome.

NAKIJWA MRUTU. MHITIMU. HALI: NZURI.

"Mzee, mgonjwa wako ni mzima kuliko mimi," alisema mlinzi. "Mimi hapa nina vidonda vya tumbo."

"Nimekuja kuwaambia si nzuri."

"Nani kasema ni nzuri?"

Zefania alikitazama kibao. "Ninyi."

"Sisi tunaandika tunachoambiwa, mzee. Nenda, tuliza moyo."

Akarudi. Mpaka leo, akipita barabara ile, hutema mate.

Jumapili ya siku ya arobaini Nakijwa alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukutani, hajasema neno tangu juzi yake. Kabla ya alasiri alifumbua jicho moja.

"Baba Penda. Ulimuuliza daktari jambo la mfereji."

"Ndiyo."

"Alijibu nini vile?"

"Alicheka."

Alifikiri kidogo. "Basi hajajibu," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki wakati watu wanatoka kwenye ibada ya alasiri.

Kesho yake, saa moja na nusu, nyumba imejaa wanawake na moshi wa masufuria, kile kitu kikawaka kijani.

"Shikamoo, baba. Habari za mama leo?"

"Marahaba. Nzuri," alisema Zefania. Mdomo ulijibu wenyewe. "Ila amefariki. Jana alasiri."

"Tunashukuru, baba. Tumepokea. Dawa ya mama itafika Ijumaa. Mshinde salama."

Wanawake waliacha kukoroga. Na Ijumaa, wakati watu wameketi matangani, kidege kikaja kweli, kikaizunguka nyumba mara moja, kikatua juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujakauka, maana pale ndipo penye nafasi, kikaweka boksi, kikaondoka.

*

Aikande alikuja siku hiyo hiyo, baada ya kidege. Alikuwa Mchaga, mpiga picha wa ile mashine ya sumaku, ndiye aliyemlaza Nakijwa kwenye kile kitanda na kumwambia asitikisike. Alivua viatu mlangoni, akapita katikati ya waombolezaji, akamwondoa mjomba wa marehemu kwenye kiti na kukikalia.

"Mtani wenu nimefika," alitangaza. "Mbona chai ni nyepesi hivi? Hata kwenye msiba Wapare mnahesabu majani?"

Watu walicheka, wengine machozi yakiwa bado mashavuni. Ndiyo kazi ya mtani msibani: kusema asichoweza kusema ndugu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

"Umefuata nini, Mchaga?" mjomba alimrushia. "Huku hakuna duka la kununua."

"Nimefuata kesi. Ninyi mnapelekana mahakamani hata kuku wa mtu akilala uani kwa jirani. Leo nimewaletea kesi ya maana, na nimekuja kama mtani, si kama mtumishi wa Ndorwe. Mtumishi kaweka sahihi ya kunyamaza. Mtani hajaweka."

Hapo kicheko kilipungua. Aikande akatoa karatasi kifuani, akaikunjua juu ya magoti ya Zefania. Ilikuwa picha ya kichwa kile kile. Lakini pale penye giza, kulikuwa na kitu cha kijivu kimetambaa kutoka kwenye giza kwenda mbele, kwenda juu, vidole vitano, sita, vimepita katikati ya nyama nzima ya ubongo.

"Hii ni ya lini?" aliuliza Zefania.

"Siku ya makofi. Saa mbili na nusu asubuhi. Mashine ikipiga picha ya damu, inapiga na hii pia, kila mara. Picha ya damu ndiyo inayohesabiwa kwenye kanuni. Hii haihesabiwi, kwa hiyo haifunguliwi."

"Wewe uliifungua."

"Niliifungua usiku ule wa msiba, baada ya kusikia. Mimi pia nilipiga makofi, mzee." Hakuwa akitania tena, ingawa hakushuka kitini. "Uvimbe uliacha kuchimba mishipa yake, kweli. Ukaanza kutambaa kufuata mishipa ya jirani, ile ambayo Mungu aliiweka. Damu yake ikaonekana ndogo kwa sababu haikuwa na mfereji wake tena. Ilikuwa inaiba zamu."

Zefania alipitisha kidole juu ya vidole vile vya kijivu. Njia ile aliijua. Alikuwa ameitembea miaka ishirini na miwili, ameinama, anapapasa nyasi kutafuta unyevu.

"Nilimwambia," alisema.

"Ulimwambia. Nilikuwa nyuma ya kioo, nilisikia."

"Na Msikizi? Siku arobaini na moja nimesema. Nimesema kila kitu."

Aikande aliangalia chini. "Msikizi huchukua neno la kwanza. Likishapatikana jibu, kinachofuata hakiandikwi. Asubuhi kumi na nne za nzuri mfululizo, faili linafungwa."

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Waliokitengeneza hawajui watu," alisema mjomba polepole.

"Waliuliza. Walileta barua, nilikuwa kikaoni. Waliandika: kwenu, mtu akijibu nzuri, hilo ndilo jibu lake? Daktari Byabato ndiye aliyewajibu. Akaandika: ndilo."

Daktari Byabato, aliyezaliwa Muleba, aliyefundishwa kuamkia kabla hajafundishwa kutambaa. Mtu ambaye kila asubuhi ya maisha yake kajibu nzuri akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa kafiwa. Zefania aliona jambo hilo likimwingia mwilini kidogo kidogo, kama maji ya baridi kwenye kiatu. Mgeni angelikosea, angelimsamehe. Huyu alijua.

"Kuna pingamizi la ndugu," alisema Aikande. "Sheria inasema ndugu wa marehemu akiweka dole gumba, dawa inasimama siku tisini na mafaili yote yanafunguliwa, ya picha na ya sauti. Mimi siwezi. Ndugu tu."

*

Jumatatu Zefania alivaa koti la harusi yake, akaenda. Safari hii mlinzi alimfungulia geti bila kuandika, maana mtani alikuwa ametangulia kutoa taarifa rasmi kwamba ndugu wa marehemu anakuja.

Kwenye benchi la nje ya ofisi aliketi mama mmoja, Nanzia, wa kijiji cha chini yao. Alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa Nakijwa mwezi wa Januari, akiwa haoni kitu. Sasa alikuwa anasuka kikapu, macho yako kwenye ukindu, na mkono mmoja ulikuwa na mkanda wa kijani. Zefania alimpita kwa haraka.

"Shikamoo, mzee. Pole sana," alisema Daktari Byabato, akasimama, akampa mikono miwili. Alikuwa na adabu zote. Hilo ndilo lililomchoma Zefania.

Aliweka ile karatasi mezani. Daktari hakuuliza imetoka wapi. Aliitazama muda mrefu kuliko Zefania alivyotarajia.

"Ulijua?" aliuliza Zefania.

"Nilijua inaweza kutokea kwa baadhi. Si kwa wote. Kwa wengine ile dawa inaziba na uvimbe unalala kweli, miaka. Kuwatofautisha kunahitaji kumpiga kila mtu picha zote, kila mwezi. Sina mashine hiyo. Nina moja."

"Ulikuwa na mimi. Nilikuwa nakwambia kila asubuhi."

Daktari alibonyeza kitu mezani, na chumba kikajaa sauti ya Zefania mwenyewe. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Moja baada ya nyingine, nyingine za usingizi, nyingine zimekaukiwa, zimekatwa pale pale kabla pumzi haijaendelea. Ya mwisho ilikuwa na masufuria nyuma yake.

"Baraza la kuamua pingamizi likija, watasikiliza hii," alisema daktari, wala hakuisema kwa ukali. "Watauliza, hii ni sauti ya nani?"

Zefania akaelewa. Wamemchukua Nakijwa, sasa wamemchukua na yeye, wamemkatakata, wamebakiza kipande kinachowafaa. Mdomo wake mwenyewe wameuajiri.

"Wewe wajua nilichosema baada ya hapo," alisema.

"Najua."

"Basi kwa nini uliwaandikia ndilo?"

Byabato alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyechoka. "Ningeandika silo, kituo kisingefunguliwa. Walitaka namna rahisi ya kufuatilia watu. Nikahesabu: tukifungua tutawaponya wangapi, tusipofungua watakufa wangapi. Nikaandika."

"Na Nakijwa ulimweka upande gani wa hesabu?"

Daktari alisukuma kibao kidogo cheusi mbele ya Zefania. Kilikuwa na alama ya kidole gumba katikati.

"Hilo hapo pingamizi lako, ni haki yako. Ukibonyeza, kesho asubuhi Zibo inasimama kwa watu wote thelathini na wanane. Siku tisini. Mafaili yatafunguliwa, na mimi nitaondoka hapa, sina shaka. Lakini wale ambao dawa inawashika kweli, wakikaa siku tisini bila dawa, mishipa inarudi. Mama Nanzia, yule aliye nje, mwaka huu ameona uso wa mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Usiniulize mimi. Mimi nimeshakosa haki ya kumwambia mtu chochote. Toka ukamwambie yeye, halafu urudi ubonyeze."

"Yeye ni yupi? Wa kulala au wa kutambaa?"

"Sijui," alisema daktari. "Ni mhitimu. Hajapigwa picha tangu Februari."

Zefania alikichukua kile kibao, akatoka nacho. Hakujua kama inaruhusiwa. Hakuna aliyemzuia.

Alisimama mbele ya benchi. Dole gumba lilikuwa limekaa pembeni mwa ile alama, upana wa ukucha. Alifikiria majina yale thelathini na wanane, kila moja na kisabuni chake ukutani, kila asubuhi saa moja na nusu, na watu wa adabu wamesimama mbele yake wanajibu kama walivyofunzwa na mama zao. Akibonyeza, atawazima walio wazima. Asipobonyeza, wanaokufa wataendelea kuandikwa nzuri mpaka kidege kitue juu yao.

Nanzia aliinua macho kutoka kwenye kikapu. Alimtambua, na uso wake ukaingia huzuni.

"Kaka yangu. Pole na msiba. Nilishindwa kufika."

"Nimeshapoa, dada." Zefania aliketi taratibu kando yake, kibao juu ya goti. "Habari za tangu siku zile?"

"Nzuri," alisema Nanzia.

Akavuta pumzi, kama mtu anayetaka kuendelea. Kisha akaangalia mkanda wake wa kijani, akaangalia mlango wa ofisi, akafunga mdomo na kurudi kwenye ukindu.

Zefania hakuondoa macho usoni pake. Alingoja. Ndani ya Ndorwe nzima, tangu jiwe la kwanza lilipowekwa, hakuna mtu aliyewahi kungoja kinachofuata baada ya neno nzuri.

"Ila nini, dada?"